Miti Niliyoipalilia

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mnapenda msitu. Mnauendea na viatu vizuri, chupa ya maji mgongoni na simu mkononi, mnapiga picha kila mti kana kwamba haujawahi kuonwa na binadamu. Sikatai. Tembeeni. Hewa ni nzuri na miguu ni yenu. Lakini mkifika mahali miti imesimama kwa mistari iliyonyooka kama kamba, mjue hapo si Mungu aliyepanda. Mungu hapandi kwa mistari. Hapo kuna mtu aliyechimba shimo, na kando ya shimo kulikuwa na kiazi cha mtu, na huyo mtu alikuwa na watoto. Mmoja wa watu hao alikuwa mama yangu, na mtoto wake ni mimi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo sitawapambia maneno. Someni tu hivyo yalivyo.

Likizo iliyopita wajukuu wangu walisema watanipeleka kupiga kambi. Mimi nakaa Kabazi, nalima viazi na kabeji, na msitu nauona kutoka mlangoni kila asubuhi ukiwa umejifunika ukungu. Sikuona haja ya kulipa kiingilio ili nionyeshwe kitu ninachokitazama bure nikikamua.

"Shosho, siku hizi kumebadilika," Kimani akaniambia. Kimani ni mtoto wa kifungua mimba wangu, anafanya kazi Nakuru mjini. "Kuna njia za kutembea, kuna boti kwa dam, kuna mahali pa kulala kwa tent. Huwezi kukaa tu hapa ukiongea na ng'ombe."

"Ng'ombe hajawahi kuniambia nisikae."

Wote wakacheka, lakini Shiru hakucheka. Shiru ana miaka minane, ni wa binti yangu wa mwisho, Wairimu, ambaye naye alikuwa anakuja. Alisema bila shosho yeye haendi, na akisema neno huyo mtoto anakaa juu yake kama kuku juu ya mayai. Basi nikavaa viatu vya bustani, nikabeba blanketi langu, kwa sababu ile mifuko yao ya kulalia naiona kama ya kubebea maiti, na tukaenda.

Tulipanda mlima taratibu. Kimani alikuwa mbele na mkoba mkubwa kama wa mtu anayehama nchi. Shiru alinishika mkono akiuliza kila ndege ni nani na kila mmea ni dawa ya nini. Tukaingia mahali pa saipras, ile miti mirefu ya mistari, na mbele yetu kulikuwa na mti uliokatwa siku hiyo hiyo. Harufu ilinishika kabla macho hayajauona. Saipras iliyokatwa leo ina harufu kali yenye utamu kidogo, inakwama kooni kama ndimu iliyomwagikiwa na mafuta taa. Miguu yangu ikasimama. Sikuiambia isimame.

"Shosho, umechoka? Nikuitie nduthi ikubebe?" Kimani akauliza kutoka mbele.

"Uiite ipite wapi, juu ya kichwa chako?"

Wakacheka tena, wakadhani napumzika. Mimi nilikuwa nikiangalia mteremko. Niliujua. Jiwe kubwa lenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala lilikuwa pale pale, na huko chini, kati ya miti, maji ya bwawa yalikuwa yanang'aa. Hapo ndipo tulipokaa nikiwa mdogo kama Shiru.

Zamani msitu huo ulikuwa na watu, kambi nzima ya wafanyakazi na familia zao. Wanaume waliajiriwa kupanda miti, kupogoa matawi na kukata, na mshahara ulikuwa mdogo, lakini kila familia ilipewa kipande cha shamba mahali miti mizee ilipokwisha kukatwa. Unalima viazi, maharagwe, mahindi, na katikati ya viazi vyako miche ya serikali inapandwa kwa mistari. Ukipalilia viazi umepalilia na miti. Sheria yake ilikuwa rahisi: miti ikiwa midogo, lima, miti ikikua matawi yakagusana, hiyo tuliita kufunga, na shamba likifunga unatoka. Kama kuna mahali pengine pamekatwa unapewa. Kama hapajakatwa, ni shauri yako.

Haya nayaeleza sasa. Wakati ule sikuyajua. Nilijua nyumba yetu ya mbao za pembeni, zile zenye ganda, na moshi uliokuwa ukikaa kwenye nguo hadi kanisani. Nilijua baridi ya asubuhi inayouma masikio, viazi vilivyochomwa majivuni vikiwa na ngozi nyeusi inayopasuka, na udongo laini kama unga wa wimbi unaoingia kati ya vidole vya miguu. Nilijua kwamba baada ya kila mavuno lori lilikuja likabeba magunia, na sisi watoto hatukuona nguo mpya wala sukari. Niliona mama ni mchoyo. Kumbe kila gunia lilikuwa linaenda kununua ardhi. Siku hizo mashamba ya wazungu yalikuwa yakinunuliwa na watu kwa vikundi, na mama na baba walikuwa na nafasi katika shamba moja la upande wa Mau Narok. Walikuwa karibu kumaliza kulipa. Mavuno mawili tu zaidi na tungekuwa watu wenye mahali.

Siku moja foresta mwenyewe, ofisa mkubwa wa msitu, alikuja shuleni kwetu. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole na kofia ya kijani, na kwa sisi watoto wa kambi ilikuwa kama kutembelewa na mtu aliyetajwa kwenye Biblia. Akatupanga, akagawa mistari ya miche kwa majina. Kila mtoto alipewa ile iliyo katika shamba la kwao.

"Hii ni miti yenu," alisema. "Mti ukifa, mwenyewe amelala. Mti ukikua, mwenyewe amekua."

Mtu mkubwa akikwambia kitu ni chako ukiwa na miaka minane, basi ni chako. Sikuuliza karatasi. Nilirudi nyumbani mbio, nikaihesabu, nikaishika vichwa mmoja mmoja, na papo hapo nikapanga nitakachofanya. Miti yangu ikikua nitaikata, nimjengee mama nyumba yenye sakafu ya mbao. Mama alikuwa akilalamika magoti kwa sababu ya sakafu ya udongo. Niliona kabisa atakavyotembea juu ya mbao na viatu vyake vya Jumapili, ko, ko, ko.

Lakini miti yetu ilikuwa inakufa. Mche niliouacha kijani nikienda shule Jumatatu, Ijumaa naukuta una rangi ya kutu. Ukiugusa unainama kama mtu mlevi. Nyapara, yaani msimamizi, anakuja, anang'oa, anaandika, na mwingine mdogo unapandwa pale pale. Kwa jirani yetu Mama Njoki ilikuwa hivyo hivyo. Nikakaa nikafikiria, nikaona kitu kimoja: inayokufa ni ile mama aliyoipalilia yeye mwenyewe. Nikajua ugonjwa ni nini. Mama ana mkono mbaya. Kuna watu hivyo, wakipika maziwa yanaganda, wakishika kuku hatagi.

"Mama," nikamwambia tukiwa shambani, "miti haikupendi."

Mama aliinua mgongo, akajipangusa jasho kwa kiwiko. "Hata mimi siipendi."

"Kwa nini?"

"Inakula mbolea ya viazi. Lima."

"Basi mimi nitalima karibu na miti. Wewe lima katikati."

"Wewe nenda ukachote maji."

"Nimechota."

"Chota mengine."

"Mtungi umejaa, mama, hata sufuria imejaa."

Kumbe nyapara alikuwa anapita njiani na baiskeli yake. Akasimama. "Mama, muache mtoto alime," akasema akicheka. "Naona mtu wa kazi katika boma hii ni huyu."

Mama angesema nini? Akanipa lile jembe dogo, lililolika hadi likawa kama kijiko. Toka siku hiyo miti ikawa yangu.

Mimi sijawahi kufanya kazi kama ile tena, hata kwa mume wangu. Nilipalilia kwa vidole nisije nikaumiza mizizi. Nilibeba mavi ya mbuzi kwa mkebe, nikagawa sawasawa, nisionee mti wowote. Kiangazi kilipokuja, nyasi zikawa zinavunjika mguuni, nilishuka bwawani na mikebe miwili, nikapanda nayo huo mteremko maji yakinimwagikia miguuni, na kila mti ukapata kikombe chake. Niliipa majina ya watu. Mmoja uliokuwa umepinda niliuita Mama Njoki kwa sababu naye alikuwa anatembea akiinamia upande mmoja. Sikumwambia.

Baba alikuwa akiniona nikipita na maji, anageuza uso anatazama kiko chake. Baba alijua. Wakubwa wote wa kambi walijua. Lakini kama neno lingefika kwa foresta kwamba miti inaumizwa, kazi ya baba ingekwisha siku hiyo hiyo na nyumba tungeiacha na moto jikoni. Nani angempa mtoto wa miaka minane siri kama hiyo? Mimi nilikuwa naongea kama redio.

Mama alijaribu mara moja. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, akaketi nami juu ya lile jiwe kubwa tukimenya njegere.

"Hii miti yako," alisema, "ingekua polepole ingekuwa vizuri."

"Foresta alisema ikue haraka."

"Foresta ana watoto wangapi?"

"Sijui."

"Ana shamba la viazi?"

"Sijui, mama. Nitamuuliza kesho akija shule."

Mkono wake ulifika mdomoni mwangu kabla sijamaliza neno. Ulikuwa na harufu ya njegere mbichi na sabuni. "Usimuulize mtu kitu chochote," alisema, na macho yake yalikuwa ya kuogopa, si ya hasira. Lakini mimi niliona hasira. Nilifikiri mama ananionea wivu kwa sababu mkono wangu ni mzuri na wake ni mbaya. Nikamhurumia hata. Nikasema moyoni, ngoja, utaona nyumba.

Miti ikapanda. Mwaka ule mvua haikututupa, na mbolea ya mbuzi ilikuwa imeingia; miti ikanifika kiunoni, ikanifika kidevuni, ikanipita. Ya majirani ilikuwa bado magotini. Ukisimama juu ya jiwe ungeona shamba letu limekuwa zulia la kijani na ya wengine ni viazi vitupu na vijiti. Wanawake wa kambi wakaanza kuninyamazia. Nilipopita kisimani mazungumzo yalikatika. Mimi nikadhani ni heshima.

Siku foresta alipokuja kukagua, alikuja na landirova yake hadi shambani kwetu. Akaingia katikati ya mistari, akaangalia matawi yalivyoshikana juu ya majani ya viazi, akageuka kwa nyapara.

"Hapa pamefunga vizuri kuliko pote. Nani alipalilia?"

Nyapara akaninyooshea kidole. Nilikuwa nimesimama nyuma ya sketi ya mama na pua inatoka maji. Foresta akaniita, akaniwekea mkono kichwani, akawaambia watu wote waliosimama kwamba kama kambi ingekuwa na watoto watano kama mimi, angelala mchana. Halafu akafungua mlango wa gari, akaniinua, akaniketisha kiti cha mbele. Tulizunguka kambi yote. Akaniacha nipige honi mwenyewe. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma yetu kwenye vumbi wakiita jina langu, na mimi niko juu, naona mapaa ya nyumba.

Tulipopita tena karibu na shamba letu nilimwona mama. Alikuwa amesimama palepale na jembe, hajasogea hata hatua moja, na machozi yanashuka bila yeye kuyapangusa. Nikampungia mkono kwa nguvu. Nilifikiri ni ya furaha. Mtoto wake yuko kwa gari la foresta, kwa nini asilie?

Kesho yake nyapara alikuja na maneno: viazi vilivyo ardhini vitolewe, hakuna kupanda tena. Hakukuwa na mahali papya palipokatwa. Tulichimba viazi vikiwa vidogo kama gololi. Nilimuuliza mama, sasa miti yangu itabaki na nani? Mama alikuwa ameinama, na hakuinuka. Aliyenijibu ni Mama Njoki, kutoka upande wake wa mpaka, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nyinyi watu hamkuzaa mtoto," alisema. "Mlizaa foresta."

Watu wakacheka, si kwa ubaya wote. Mama pia alicheka kidogo, kicheko cha kufunga jambo. Mimi nilifurahi. Kuitwa foresta kwangu kulikuwa kupandishwa cheo.

Ile nafasi ya Mau Narok tuliipoteza. Waliochelewa kumaliza, mahali pao walipewa wengine wenye kumaliza. Baba alizunguka zunguka akitafuta msitu mwingine wa kumwajiri, mwishowe tukashuka Nakuru tukapanga chumba kimoja mtaa wa Rhonda, ukuta wa matope na bati linalotoa jasho asubuhi. Baba akawa anabeba mizigo sokoni. Mama akawa anafua nguo za watu, na kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga, ndugu yangu, mtu wa kubaki na mtoto alikuwa mimi. Hapo ndipo darasa la tatu langu lilipoishia. Mwalimu wa kule msituni alikuwa amesema nina kichwa. Huenda alisema hivyo kwa kila mtu. Sikupata wakati wa kujua.

Sasa sikieni jambo linaloniuma, kwa maana shamba peke yake lisingeniuma mpaka leo. Watu wengi walikosa mashamba na wakaishi. Linaloniuma ni kwamba miaka yote ile ya Rhonda, mgeni akija, mimi nilikuwa na hadithi. Ningengojea chai imiminwe, kisha naanza: nilivyobeba maji na mikebe miwili, miti yangu ilivyoshinda ya kambi nzima, foresta alivyoniinua, honi ilivyolia. Niliisimulia nikiwa mtoto, nikaisimulia nikiwa msichana, nikaisimulia hata kwa wakwe walipokuja kuniposa. Na mama alikuwa anamimina chai. Hakuwahi kunikatiza. Hakuwahi kusema "wacha hiyo." Mara nyingine mgeni angesema, "Kumbe binti yako ni hodari!" na mama alikuwa anajibu, "Ndiyo, alikuwa hodari sana," na anamwongezea sukari.

Pale mjini kulikuwa na yadi za mbao. Tukipita, mama alikuwa akivuta leso anafunika pua na kuharakisha mwendo. Mimi nilidhani ni vumbi la msumeno.

Alikufa mimi nikiwa tayari na watoto watatu. Tulimzika makaburi ya mji, kwa sababu hatukuwa na udongo wetu wa kumlaza, kati ya watu tusiowajua, na namba kwenye kibao. Mama Njoki alikuja kwenye mazishi. Alikuwa mzee, ameinama zaidi upande ule ule, lakini amevaa vizuri, na alikuja na gari la mtoto wake. Alikuwa amepata ekari zake huko Mau Narok. Watu walipotawanyika alinishika mkono.

"Mama yako alikuwa fundi," aliniambia. "Jembe lake lilikuwa linapita chini ya udongo kama nyoka. Linakata mzizi na mti unabaki umesimama, haujui umekufa. Wote tulijifunza kwake. Bila yeye mimi nisingefika mahali nilipo."

"Kukata mzizi wa nini?" nikauliza. Nilikuwa mtu mzima na bado nilikuwa sijui.

"Wa miti ya foresta, basi! Ikifa inapandwa upya, na wewe unapata msimu mwingine. Alikuwa anahitaji misimu miwili tu. Halafu ukaja wewe na mikebe yako!" Akacheka, akanipiga begani kama anayekumbusha utundu wa zamani. Kisha akaona uso wangu, na kicheko kikamwisha polepole. "Ngai," alisema. "Hakukuambia?"

Niliangalia lile rundo la udongo mpya. Mambo yote yakageuka nyuma mbele hapo nikiwa nimesimama: mkono juu ya mdomo wangu, machozi ya siku ya landirova, chai, leso. Na mtu wa kumwomba aniambie mwenyewe alikuwa amelala chini ya futi sita. Sijilaumu. Mtoto aliyeambiwa kitu ni chake akakitunza hana kosa, na hilo ningemwambia mtu yeyote. Lakini kutokuwa na kosa hakumrudishi mama mezani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo nikisimama kwenye harufu ile na wajukuu wakifikiri nimechoka. Miti iliyokuwepo haikuwa ile yangu. Yangu ilikatwa kitambo, na mingine ikapandwa kwenye mistari ile ile. Tulifika, wakasimamisha mahema yao kando ya bwawa, wakachoma soseji, na mimi nikalala na blanketi langu nikiwa na mawe chini ya mbavu.

Asubuhi niliamka nikatembea hadi upande wa pili wa maji. Bwawa limepanuliwa, lina boti za rangi nyekundu na njano, na mahali nilipokuwa nikichota kuna gati ya mbao. Niliporudi nikamkuta Shiru peke yake majini, amekunja suruali, anasugua sufuria kwa mchanga. Masizi yalikuwa yamemfika mabegani. Alikuwa ameosha karibu zote, za jana na za chai, hadi upande wa nje ulikuwa unang'aa, jambo ambalo mama yake hajawahi kuliona.

"Nani amekupa kazi hii?" nikamuuliza.

"Kimani. Amesema nikimaliza zote nitakaa mbele kabisa kwa boti." Akainuka, akapangusa pua na kuongeza masizi. "Nimemaliza, Shosho. Imebaki tu hiyo ya ugali, imeshikana."

Nikaangalia maji. Kimani, Wairimu na wenzao walikuwa katikati ya bwawa, wanapiga picha na kupiga kelele. Nikamshika Shiru mkono tukaenda hadi kwa kijana wa boti.

"Sasa, mathe," akanisalimia.

"Huyu mtoto ataingia boti ipi?"

Kijana akamwangalia Shiru, akamsimamisha kando ya nguzo yenye mstari mweupe. Kichwa chake hakikufika. "Hapana, mathe, huyu bado. Jaketi zetu za kuelea zitamvuka. Hiyo sheria tuliwaambia jana jioni wakilipa. Yule brathe mwenye kofia nilimwonyesha hata mstari." Akamnyooshea Kimani kidole kule majini.

Shiru hakulia. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisimama hivyo hivyo kwenye nguzo, akajinyoosha shingo, akauliza, "Nikivaa viatu?"

Niliketi kwenye gati nikangoja. Boti ilipofika nikawaambia wote waketi kwenye nyasi, na mimi nikawasimulia habari ya mama yangu na ile miti, kutoka mwanzo hadi makaburini, kama nilivyowasimulia nyinyi. Ile ya landirova walikuwa wameisikia mara nyingi. Iliyobaki hawakuwa wameisikia kamwe. Wairimu alikuwa analia. Kimani alikuwa anang'oa nyasi.

"Lakini Shosho," alisema mwishowe, taratibu, "hizi ni sufuria tu. Nilikuwa namchocha tu, apate kitu cha kufanya asitusumbue."

"Kwangu ilikuwa miti tu."

Nikainuka, nikashika kiuno, nikawaambia wote, wakubwa kwa wadogo: "Kuanzia leo, katika nyumba yangu, iwe ya mawe au ya hema, mtoto akipewa kazi aambiwe kwanza hiyo kazi ni ya nani, na ikiisha yeye atakuwa wapi. Ukiona huwezi kumwambia ukweli, usimpe, ifanye mwenyewe. Kimani, vua saa. Hiyo ya ugali ni yako."